Kushona shati la kikoi: mwongozo kamili kuanzia dukani hadi kwenye kamba ya kuanikia

Kikoi hutoka kwa mfumaji kikiwa nguo kamili. Kina pindo zake, milia yake na matamvua yake ncha zote mbili, na aliyekifuma alishaamua rangi ipi ikae wapi. Ndiyo maana fundi akikikata kama anavyokata kitambaa cha jora, shati linatoka na mlia mnene umepanda begani upande mmoja na kuzama kwapani upande wa pili, na lile pindo zuri kuliko yote limeishia kwenye mfuko wa vipande. Mashati ya namna hiyo yamejaa vibanda vya pwani, na huwa naumia kuyaona, kwa sababu kitambaa hakikuwa na kosa lolote.

Kazi ya shati la kikoi karibu yote iko kabla ya mkasi. Ukishajua pindo gani litakaa wapi, kushona kwenyewe ni mistari iliyonyooka.

Shati ninaloeleza hapa ni pana, la mikono mifupi, la kuvaa kwa kichwa, lenye mpasuo mdogo kifuani, bila kola wala vifungo. Linamfaa mwanamume na mwanamke. Kikoi kimoja kinatosha mtu mzima wa umbo la kawaida, na mapindo yote mawili yanapata kazi: moja chini ya shati, jingine kwenye mikono.

Kwanza, kielewe kitambaa

Kitandike kikoi mezani ukitazame. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu, toka tamvua hadi tamvua, ndizo mtande. Zinazokatiza kwa upana ndizo mshindio. Milia ya pindo inafuata kingo mbili ndefu, yaani imo ndani ya mtande: uzi ulitiwa rangi kwanza, ukatandwa, ndipo ukafumwa. Hapo ndipo kikoi kinapotengana na khanga. Khanga ni kitambaa kilichofumwa kikiwa cheupe kisha kikachapwa rangi juu, kwa hiyo kina uso na mgongo. Kikoi kizuri hakina mgongo; kigeuze utakavyo, rangi ni ile ile. Kwa mshonaji hii ni neema, lakini pia ni mtego, kama utakavyoona tukifika kwenye mikono ya shati.

Ustadi huu si mgeni kwetu. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta Kilwa, na Shanga katika kisiwa cha Pate, vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zilizotengenezwa mjini humo zilipelekwa hadi Misri. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza jinsi watu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, walivyofumua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, na kuzifuma upya pamoja na pamba yao nyeupe, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kuitia rangi hiyo wenyewe. Mlia wa buluu kwenye pamba nyeupe, basi, una umri mrefu kwenye pwani hii.

Leo vikoi vingine hufumwa kwa mkono nchini Kenya, vingine kwa mashine, na vingi huja kutoka India. Wazee wa Unguja, Mombasa na Lamu bado wanavivaa nyumbani na chini ya kanzu, kama Waomani wanavyovaa wizari, nguo ya kujifunga kiunoni, chini ya dishidasha, kanzu yao. Shati ni matumizi mapya ya nguo ya zamani, na ndiyo sababu nasisitiza heshima kwa mapindo.

Dukani

Mombasa, Mtaa wa Biashara ndiko kwenye uchaguzi mpana. Dar es Salaam nenda Kariakoo, na Unguja zunguka Darajani. Popote uendapo, usichague kwa rangi pekee. Kabla hujaanza kupatana bei, fanya majaribio haya, na muuzaji anayejua mali yake hatakukataza.

Inua kikoi juu kuelekea mwanga. Nyuzi ziwe zimejipanga kwa usawa. Ukiona sehemu iliyobana na nyingine iliyoachana kama wavu, hicho ni cha kujifunga tu, usikipeleke kwenye cherehani.

Kisha shika kitambaa kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa vimekaribiana, uvute kwa nguvu kuelekea pande mbili. Achia, utazame pale kati. Ikiwa nyuzi zimesogea na kuacha mwanya usiojifunga, mishono ya mabega itafanya vivyo hivyo ukiinua mkono. Jaribio hili ni muhimu kuliko yote, na watu wengi hawalifanyi.

Finyanga kona moja kwenye kiganja uhesabu hadi kumi. Pamba hukunjamana na mikunjo hubaki; kitambaa chenye poliesta nyingi hujinyoosha karibu papo hapo. Ukiwa bado na shaka, nunua kimoja, chomoa uzi mmoja kwenye tamvua ukauchome nyumbani juu ya sinia. Pamba huwaka vizuri, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kuna pia vikoi vya reyoni, laini na vya kuteleza, ambavyo huungua karibu sawa na pamba. Hivyo utavijua kwa kulowesha uzi na kuuvuta: reyoni ikilowa hukatika kirahisi, pamba ikilowa huwa imara zaidi.

Kuhusu rangi, chovya ncha ya leso nyeupe kwenye maji usugue mlia ulio mzito zaidi. Rangi kidogo ni kawaida kwa kitambaa kipya. Leso ikitoka nyekundu kabisa, na mwili wa kikoi ni mweupe, kiache hapo hapo.

Mwisho, pima. Vikoi vingi hukaribia mita 1 kwa upana na mita 1.6 hadi 1.7 kwa urefu bila matamvua, ila havilingani. Kipime mwenyewe kwa futi, maana kibandiko mara nyingi huhesabu na matamvua. Na usidanganywe na ugumu wa kitambaa kipya. Kile kinachokifanya kisimame wima ni wanga, nao utaondoka kwenye maji ya kwanza.

Kufua kabla ya kukata

Usiruke hatua hii hata kama una haraka ya Idi. Pamba isiyowahi kuoshwa hupungua, mara nyingi asilimia 3 hadi 5, na hupungua zaidi kwa urefu kuliko kwa upana kwa sababu mtande ulivutwa sana wakati wa kufumwa. Kwenye kikoi cha sm 165, asilimia 5 ni zaidi ya sm 8. Hizo sm 8 bora zipotee sasa kuliko zipotee ukiwa umeshavaa.

Acha matamvua yalivyo. Yanazuia ncha zisifumuke. Loweka kikoi peke yake kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwa nusu saa, kisukesuke kwa mkono, suuza hadi maji yatoke meupe. Usikikamue kwa kukisokota. Kikunje, kikandamize maji yatoke, kianike kivulini kikiwa kimenyooshwa kwa urefu wake.

Wengi watakuambia utie chumvi au siki ili rangi "ishike". Kwa rangi zinazotumika leo kwenye pamba, chumvi ina kazi wakati wa kutia rangi kiwandani, si baada yake, na siki haina kazi hapo kabisa. Rangi iliyozidi inatoka kwa kusuuzwa tu, mara mbili au tatu ikibidi. Okoa siki yako kwa kachumbari.

Pasi kikiwa bado na unyevunyevu kidogo, pasi iwe kwenye alama ya pamba, ukienda kwa mwelekeo wa mtande na kurudi. Kupiga pasi kwa mshazari hupindisha kitambaa.

Kukinyoosha

Hapa ndipo mashati mengi yanapoharibikia bila mwenyewe kujua. Kikoi kilichofungashwa, kikabebwa, kikafuliwa, mara nyingi kimepinda: mshindio hauko tena wima kwa mtande. Ukikikata hivyo, shati litajizungusha mwilini kila likifuliwa.

Kata matamvua karibu na mwili wa kitambaa. Kisha, karibu na ncha iliyokatwa, tumia pini kuinua uzi mmoja wa mshindio, uukamate kwa vidole, uuvute taratibu huku mkono wa pili ukisukuma kitambaa nyuma. Kitambaa kitajikusanya, uzi utateleza, na nyuma yake utabaki mstari mwembamba usio na uzi, umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Ukikatika katikati, kata kwa mkasi hadi ulipokatikia, utafute ncha yake, uendelee. Kata kufuata mstari huo. Fanya hivyo ncha zote mbili.

Sasa kikunje kati kwa urefu, ukingo juu ya ukingo. Kona zikilingana, kiko sawa. Zisipolingana, kinyunyizie maji, mwombe mtu ashike upande wa pili, mvute zile kona mbili ambazo umbali wa mshazari kati yao ni mfupi, mjaribu tena. Baada ya kuvuta mara kadhaa kitanyooka. Kipige pasi kibaki hivyo.

Vipimo

Unahitaji vinne tu: mzunguko wa kifua, urefu wa shati kutoka bega karibu na shingo hadi unapotaka liishie, urefu wa mkono, na mzunguko wa kichwa. Hicho cha mwisho ni cha kuhakikisha shingo ya shati itapita.

Nitatumia mfano wa mtu mwenye kifua cha sm 100. Jumlisha sm 20 za kupumua, kwa kuwa shati hili ni la hewa: sm 120. Gawa kwa mbili, sm 60 kwa kipande cha mbele na sm 60 kwa cha nyuma. Ongeza sm 1.5 kila upande kwa mshono, unapata sm 63. Urefu wa mwili uwe sm 72, mikono sm 22 kwenda nje na sm 53 kwa upana (sm 25 mbele, sm 25 nyuma, na sm 3 za mishono).

Mkono wa sm 22 unaonekana mfupi kwenye karatasi. Usiogope. Bega la shati hili linashuka chini ya bega lako halisi, kwa hiyo mkono unaanzia chini na kuishia karibu na kiwiko.

Kukipanga

Tuseme kikoi chako baada ya kufuliwa na kunyooshwa kimebaki sm 158 kwa urefu na sm 96 kwa upana. Kitandike mezani au sakafuni kikiwa tambarare, kisikunjwe, ukingo mmoja mrefu ukikuelekea.

Kwenye ukingo huo wa karibu, weka kipande cha mbele na cha nyuma kimoja kando ya kingine, chini ya shati ikiwa juu ya ukingo wenyewe. Vinachukua sm 126 za urefu na sm 72 za upana. Pindo la karibu sasa ndilo chini ya shati, mbele na nyuma, na kwa kuwa vipande vyote viwili vimetoka kwenye ukingo ule ule, milia itakutana ubavuni bila kuhangaika.

Juu yake, kuelekea ukingo wa mbali, zimebaki sm 24. Hapo ndipo penye mikono. Iweke yote miwili kichwa chini, mwisho wa mkono ukiwa juu ya ukingo wa mbali. Miwili inakula sm 106 za urefu na sm 22 za upana. Pindo la pili limepata mahali pake, na kwenye mwisho wa mkono halihitaji hata kukunjwa.

Kando kumebaki kipande cha sm 32 kwa 96 chenye ncha za mapindo yote mawili. Hicho ndicho cha shingo, na kinachobaki kinatosha mfuko.

Kwa mpango huu mwili wa shati unaning'inia kwenye mshindio badala ya mtande, kinyume na wanavyofundisha vyuo vya ushonaji. Kwa shati pana halina neno. Kwa nguo ya kubana, au suruali, usifanye hivyo. Mshindio hulegea magotini na makalioni upesi zaidi.

Mwenye kifua kinachozidi sm 102 atakosa nafasi ya kipande cha shingo kutoka kwenye kikoi hicho hicho, basi akitoe kwenye pamba nyingine ya rangi moja. Akizidi sm 130 anunue vikoi viwili vinavyofanana, avilinganishe mlia kwa mlia kabla ya kulipa. Mrefu anayetaka shati la sm 78 akubali mikono mifupi zaidi.

Chora kila kitu kwa chaki kwanza. Kisha inuka, simama mbali kidogo, utazame milia. Hujakata bado, kwa hiyo ukitaka kubadili upande huu wa mlia mwekundu uwe mikononi na ule wa kijani uwe chini, sasa ndio wakati.

Kukata

Vipande vya mbele na nyuma ni mistatili ya sm 63 kwa 72. Kwenye ncha ya juu, tafuta katikati, pima sm 9 kila upande utie alama. Hapo ndipo shingo inapoishia na bega linapoanza. Pembeni kabisa shuka sm 4 kutoka juu, uunganishe alama hizo mbili kwa mstari ulionyooka. Huo ndio mteremko wa bega. Ukiuacha bega likiwa la mraba, shati litasimama nyuma ya shingo na kukusukuma kila ukikaa.

Kutoka kwenye kona mpya ya bega, shuka ubavuni sm 28 utie alama. Mkono utaishia hapo. Shingo usiikate sasa.

Mkasi uwe mkali na uwe wa kitambaa tu. Ukishakata, tia alama ya chaki kwenye upande wa ndani wa kila kipande, mikono ikiwemo. Huu ndio mtego niliousema: kikoi hakina mgongo, na bila alama utajikuta umeshona mshono mmoja umetokea nje.

Cherehani

Sindano namba 11 au 12, si ile nene ya jinzi. Uzi wa poliesta wa kawaida unafaa, rangi ifuate mwili wa kikoi na si milia. Mshono wa milimita 2.5. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki: kitambaa kikijikusanya chini ya mshono, legeza uzi wa juu. Cherehani ya kukanyaga inatosha kabisa.

Kushona

Anza na mabega. Kikoi hufumuka, kwa hiyo mshono wa bega uufiche. Weka mbele na nyuma, pande za ndani zikigusana, pande za nje zikitazama nje, ushone nusu sentimita kutoka ukingoni, kutoka bega moja hadi jingine ukipita juu ya shingo bila kusimama. Punguza nyuzi zilizochomoza. Geuza ili pande za nje sasa zigusane, piga pasi, ushone tena sm 1 kutoka ukingoni. Nyuzi zote zimefungwa ndani. Laza mshono kuelekea nyuma, upige pasi.

Shingo. Kata kwenye kipande cha kando mstatili wa sm 30 kwa 36, uukunje kingo zake kidogo na kuzishona zisifumuke. Juu yake chora shingo kwa chaki: sm 9 kila upande wa katikati, sm 2 kwenda nyuma, sm 8 kwenda mbele, kwa mviringo. Kutoka chini ya mviringo wa mbele teremsha mstari wa mpasuo wa sm 14. Ulaze mstatili juu ya shati, upande wa nje kwa upande wa nje, mstari wa bega wa mchoro ukiwa juu ya mshono wa bega, sm 7 zikiwa nyuma na zilizobaki mbele. Bana kwa pini nyingi.

Shona kufuata mchoro. Ukifika kwenye mpasuo, shuka milimita 3 kando ya mstari, ukisogea taratibu hadi ukutane nao kwenye ncha, piga mshono mmoja wa kukatiza, kisha urudi juu kwa upande wa pili. Baada ya hapo ndipo unakata shingo, sm 0.7 ndani ya mshono, na mpasuo katikati ya mistari miwili hadi karibu kabisa na ncha bila kuukata uzi. Ukisita kufika nchani, mpasuo utakunjamana ukigeuza. Shingo iliyoshonwa kabla ya kukatwa haitanuki, na kwa kitambaa chepesi kama hiki hiyo ndiyo tofauti kati ya shingo inayokaa na shingo inayoning'inia.

Tia mikato midogo kwenye mviringo, geuza mstatili uende ndani, piga pasi, ushone mstari wa juu milimita 2 kutoka ukingoni. Ukipenda, fanya kinyume: ulaze mstatili upande wa ndani tangu mwanzo na uugeuzie nje, ukiwa umetia kingo zake ndani na kuzishona juu ya shati. Milia yake ikionekana kifuani hupendeza sana, na inakumbusha nakshi ya kifua cha kanzu.

Mikono. Kunja kila mkono kati upate katikati yake, uibane kwenye mshono wa bega, pindo likitazama nje, na ncha zake zifike kwenye alama za ubavuni. Shona kwa ule mshono wa kuficha uliotumia mabegani.

Sasa ubavu na mkono vinashonwa kwa mstari mmoja. Geuza shati, pande za nje zigusane. Hapa uanze chini kwenye pindo, usianze kwapani. Linganisha mlia kwa mlia, bana pini kwenye kila mlia, uanze kushona hapo ukielekea juu. Tofauti ikitokea iishie kwapani ambako haionekani. Nafasi ya mshono ni sm 1.5. Kwapani usipinde kwa kona kali, zungusha kidogo, upite mara mbili, maana hapo ndipo shati huchanika kwanza. Tia mkato mdogo kwenye mzunguko ili kitambaa kilegee. Peleka kingo zikapigwe ova, ule mshono wa mashine unaofunga kingo zisifumuke, au zishone kwa zigizaga kama cherehani yako inayo.

Chini ya shati na mwisho wa mikono hakuna cha kukunja. Kingo zilishafungwa na mfumaji. Kunja tu ncha ya mshono wa ubavu ndani, uibane kwa nyuzi chache za mkono isichungulie.

Ukimpelekea fundi

Si kila mtu ana cherehani, na hakuna ubaya. Lakini usiache kikoi kwenye meza ya fundi na kuondoka. Mwambie waziwazi: "Fundi, pindo hili liwe chini ya shati, na hili la pili liishie mikononi. Naomba usikate mpaka tukitandike pamoja." Akikuuliza mbona unataka kitambaa kilale hivyo, mwonyeshe milia, ataelewa mara moja, mafundi wazuri hupenda mteja anayejua anachotaka. Mpelekee kikoi kikiwa kimeshafuliwa na umwambie hivyo, asije akakuachia nafasi ya kupungua ambayo haihitajiki. Na vipande vyote umwombe mapema akurudishie. Baada ya miaka miwili utahitaji kiraka cha rangi ile ile, na hakuna duka litakalokuwa nacho.

Kufua na kutunza

Mara tatu za kwanza lifue peke yake, maji baridi, sabuni isiyo kali. Dawa ya kung'arisha yenye klorini usiiguse. Inakula milia kabla haijatoa doa. Lianike limegeuzwa ndani nje, kivulini, kwani jua la saa sita la pwani huchuja rangi za buluu na nyekundu upesi. Ukitoka baharini, suuza chumvi kwa maji matamu kabla halijakauka.

Doa la binzari ya manjano huwa linawatisha watu kwa sababu likikutana na sabuni hugeuka jekundu. Usishtuke. Endelea kufua, kisha anika sehemu hiyo juani kwa saa chache. Jua ambalo ni adui wa milia ndilo hufifisha doa la binzari. Utomvu wa ndizi ni jambo jingine. Ukishakauka hautoki, kwa hiyo ukienda shambani vaa shati lingine.

Ukitaka lisimame vizuri kwa siku ya sherehe, tia wanga mwepesi kwenye maji ya mwisho na upige pasi likiwa na unyevu. Lakini usilihifadhi na wanga ndani yake, kwa sababu mende na wadudu wengine wa kabatini huufuata wanga na kutoboa pamba pamoja nao. Lisuuze, likauke kabisa, ndipo ulikunje. Kwenye hewa nzito ya masika, shati lililokunjwa na unyevu kidogo tu huota madoadoa meusi ya kuvu ndani ya siku chache.

Kwapa likianza kuachia, lishone siku hiyo hiyo, kwa kiraka kidogo cha vile vipande ulivyohifadhi, kikiwekwa kwa ndani na milia yake ikifuata milia ya shati.